S9 tano na kadi sita: mzigo wa kuchimba Bitcoin uliokwama Njombe na tulivyougawanya

Kisa chenyewe kiko hivi. Shemeji yangu ana steshenari Njombe mjini, na mwaka 2021 ile Bitcoin ilivyopanda mpaka ikagusa dola 69,000 mwezi wa 11 naye akaingia kwenye mkumbo, akaagiza Antminer S9 tano za mtumba, mashine za kuchimba Bitcoin tu, pamoja na rigi moja (kompyuta ya kuchimbia) ya kadi sita za picha za RX 580 za 8GB kwa ajili ya Ethereum, sarafu nyingine ya kidijitali. Kipindi hicho China walikuwa wameshafukuza wachimbaji tangu katikati ya mwaka, kwahiyo mashine zilikuwa zinamwagika sokoni dunia nzima na yeye akaona kaokota dodo. Mara ya mwisho nimeenda huko nikakuta mzigo wote uko stoo chini ya turubai na swali lake lilikuwa moja tu: "Shemeji, hivi vyuma haviwezi kufanya kazi nyingine yoyote jamani?"

Mimi ni fundi wa elektroniki, nikamwambia vinaweza, ila sio kwa namna anayofikiria yeye. Alikuwa anauliza mashine nzima ifanye kazi gani. Kwa S9 hilo swali halina jibu, inabidi uifungue ndo uulize kipande kimoja kimoja kina kazi gani. Zile kadi ni kinyume chake, ukianza kuzifungua kuuza vipande umeshaharibu pesa.

Kwanza tumalize ile hoja ya "si uendelee tu kuchimba" maana kila mtu anaianzisha. Kuchimba ni mashine kubahatisha majibu ya hesabu, anayepata anaongeza bloku, yaani ukurasa mpya wa miamala, na analipwa Bitcoin mpya. S9 ni mashine iliyotoka 2016, kasi yake terahashi 13.5 (majaribio trilioni 13.5 kwa sekunde), inavuta karibu wati 1,350 kutoka ukutani. Siku nzima hizo ni uniti 32.4. Bei ya LUKU kwa mtumiaji wa kawaida ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ukijumlisha vyote inafika kama 356, kwahiyo mashine moja inakula karibu 11,500 kwa siku. Inaingiza nini? Tangu zawadi ikatwe nusu Aprili 2024 kila bloku inalipa BTC 3.125, bloku ni kama 144 kwa siku, dunia nzima tunagawana BTC 450 mpya basi, na mtandao mwaka 2025 ulishavuka zetahashi moja, yaani terahashi bilioni moja. Gawanya mwenyewe utaona S9 inaambulia satoshi 600 hivi kwa siku (satoshi milioni 100 ndo Bitcoin moja). Bitcoin ikiwa dola 100,000 hizo ni senti 60, tuseme shilingi 1,500. Unatoa 11,500 unarudishiwa 1,500, hapo bado mafundi na feni zinazokufa. Mashine ya kisasa kama S21 inatumia juli 17.5 kwa kila terahashi, S9 inataka karibu 100. Hilo pengo hakuna softwea ya kuliziba.

Na tuwe wakweli, hata 2021 haikuwa biashara ya maana kwa umeme wa kununua. S9 moja ilikuwa inaleta dola nne mpaka tano kwa siku na LUKU ingemeza karibu zote. Shemeji alikuwa anaona faida kwa sababu fremu aliyopanga umeme ulikuwa ndani ya kodi, yaani faida ilikuwa inatoka mfukoni kwa mwenye fremu, mzee wa watu alivyostuka kwamba uniti zinaisha kama maji ndo mradi ukafa siku hiyohiyo.

Sasa kwanini S9 haiwezi kufanya kazi ya kompyuta ya kawaida. Ndani kuna bodi tatu, kila bodi ina chipu 63 za BM1387, jumla 189, na hizo chipu zinajua kitu kimoja tu maishani: kuchukua kichwa cha bloku cha baiti 80, kukipitisha kwenye hesabu inayoitwa SHA-256 mara mbili, kuangalia kama jibu ni dogo vya kutosha, kubadilisha namba, kurudia. Haina mahali pa kuweka programu nyingine. Kuna kijana pale steshenari aliniuliza kama inaweza kuvunja paswedi za WiFi kwa vile ina nguvu sana, jibu ni hapana, WiFi wanatumia hesabu tofauti kabisa na chipu hii huwezi kuibadilishia hesabu. Nguvu ipo kweli ila ni ya kazi moja, na hiyo kazi hailipi tena.

Kilichobaki ni joto. Hapa ndo tulitumia akili nyingi zaidi na ndo watu wengi wanadanganyana, kwahiyo nitakaa kidogo.

Kifizikia S9 ni hita ya umeme. Wati 1,350 zikiingia, wati 1,350 zinatoka kama joto, hakuna kinachopotelea kwenye "kufikiri". Kwahiyo hita ya kawaida ya wati hizohizo na S9 zinapasha chumba sawasawa, tofauti ni kwamba S9 inakurudishia visatoshi. Njombe ni baridi, mwezi wa sita na wa saba usiku inashuka chini ya nyuzi 10 na mvuke unatoka mdomoni, na mama mkwe anafuga kuku, analea vifaranga kwa taa tatu za wati 250 zile nyekundu pamoja na jiko la mkaa kwa tahadhari umeme ukikatika. Shemeji akaona hapohapo dawa imepatikana, tunazima taa, tunaweka S9.

Mama alivyosikia feni zinavyoanza akatoka nje ya banda. "Mwanangu, hawa kuku watalala saa ngapi na ndege imetua humu?" Ana haki, S9 inapiga desibeli kama 75, feni mbele na nyuma zinaweza kufika mizunguko 6,000 kwa dakika. Kuweka kitu kama hicho ndani ya banda ni kosa mara mbili, kelele ni ya kwanza, ya pili ni vumbi. Kwenye bruda, pale wanapolelewa vifaranga, chini kuna maranda, kuna manyoya, kuna vumbi la chakula, mashine itavuta vyote ipitishe kwenye mapezi ya kupoza na baada ya wiki chache imeziba.

Tukaihamishia stoo ya jirani, ikawa inavuta hewa ya nje kupitia kipande cha chandarua, inasukuma joto kwa bomba kupitia ukuta. Halafu tukaweka Braiins OS, programu ya kuendeshea mashine hizi, ambayo inakuruhusu kuishusha nguvu, tukaishusha mpaka kwenye wati 750 hivi ili ilingane na zile taa tatu. Kelele ikapungua sana maana feni hazihitaji tena kukimbia.

Wati zikawa zilezile lakini vifaranga wakawa wanajikunyata. Sababu ukiitafakari ni rahisi: taa ya infraredi inampiga kifaranga mwenyewe mgongoni, haijali sana hewa ikoje, na kifaranga akisikia joto sana anasogea pembeni. S9 inapasha hewa, na hewa ya moto kwenye banda la mbao lenye nyufa inapanda juu inatoka. Wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzi 32 mpaka 35 pale alipo yeye, chini, na sio kwenye dari. Ilibidi kujenga duara la hadibodi na kufunika juu kwa magunia ndo joto likatulia, na hata hivyo mama akarudisha taa moja katikati. Mimi nilikubaliana naye.

Kuna mtego mwingine ambao sijaona watu wakiusema. S9 inazalisha joto pale tu inapopewa kazi na puli, yaani kile kikundi cha wachimbaji wanaounganisha nguvu na kugawana. Intaneti ikikata mashine inabaki imewaka lakini haihesabu chochote, joto linashuka. Data inayotumika ni ndogo sana, ila bando likiisha saa nane usiku vifaranga ndo wanalipa. Hita gani hiyo inataka vocha? Halafu hizo satoshi zenyewe, kwa wati 750 ni mia nne na kitu kwa siku kama inawaka saa 24, na puli nyingi zina kiwango cha chini cha kukutumia pesa. Kiwango kikiwa 0.001 BTC, hata S9 ya nguvu kamili ya satoshi 600 itachukua zaidi ya miezi mitano kufika. Ziko puli zinazolipa kidogokidogo kwa Lightning (njia ya haraka ya kutuma Bitcoin), tafuta hizo.

Kwahiyo hukumu yangu kuhusu joto: kama tayari unanunua umeme kwa ajili ya kupasha kitu, S9 inakupa punguzo la kama asilimia 13 kwa hesabu ile ya juu, na hilo punguzo linapanda na kushuka na bei ya Bitcoin. Kama ulikuwa unatumia mkaa au mabanzi ya bure kutoka kiwanda cha mbao, na Njombe mabanzi hayana shida, basi S9 inakuongezea gharama, haipunguzi. Wale wanaofanikiwa kwa kweli ni wenye umeme wao wenyewe usio na mteja, kama Hifadhi ya Virunga kule Kongo ambao wana mitambo yao ya maji na walianza kuchimba 2020, au wachimbaji waliojibana kwenye vituo vidogo vya maji kule Murang'a Kenya. Kwa mtu wa LUKU hadithi ni nyingine. Tuliiacha mashine moja kwa mama, ya usiku tu, msimu wa baridi tu, na jiko la mkaa liko palepale.

Zikabaki nne. Hizi tulizifungua na hapa shemeji akaanza kutabasamu, kwa sababu kitu cha thamani kwenye S9 ya leo ni pawa saplai yake.

Inaitwa APW3++, inatoa volti 12 tu, lakini ampea mpaka 133, yaani wati 1,600. Ina nyaya kumi za pini sita (tisa za bodi tatu, moja ya bodi ya kuongozea) na haina swichi, ukichomeka inawaka. Nenda kanunue saplai mpya ya volti 12 yenye ampea 100 uone bei yake. Mteja wa kwanza alikuwa fundi redio wa magari, jamaa anafunga amplifaya na masabufa na siku zote alikuwa anatesti kwa betri ya gari juu ya meza, betri inachoka, anachaji, inachoka tena. Sasa anatesti amplifaya kwa nguvu yake yote siku nzima. Ya pili ilienda kwa mtu wa mapambo ya kumbi, taa za mkanda za LED za volti 12 mita nyingi, zamani alikuwa anabeba saplai ndogondogo saba kwenye begi. Ya tatu nimeichukua mimi ya mezani kwangu, na nimeilipia, nisije nikasemwa.

Ila kuna masharti ambayo nilimwambia kila aliyenunua. Moja, sio chaja ya betri. Betri ya asidi ya volti 12 inataka volti 13.8 mpaka 14.4 ili ijae, hii inatoa 12 na kidogo, betri haitajaa, na ukiunganisha betri iliyokufa kabisa inaweza kuvuta ampea nyingi kupita waya wako. Mbili, ampea 133 haziogopi waya mwembamba. Volti 12 haikurushi ila inaweza kuyeyusha spana mkononi, kwahiyo weka fyuzi kwa kila tawi na gawa mzigo kwenye nyaya nyingi, usiuning'inize wote kwenye waya mmoja. Tatu, zile wati 1,600 ni pale umeme ukiwa juu ya volti 205. Vijijini ambako jioni mita inasoma 180 saplai hii inashuka mpaka wati 1,200. Nne, feni yake ndogo inapiga kelele, kwenye ukumbi iweke nyuma ya jukwaa.

Ya nne ilikuwa na harufu ya kuungua tangu China nadhani, tukaichukua vipande.

Bodi ya kuongozea ndo kitu ambacho kwa macho ya kawaida hakina maana, kadude kadogo kenye tundu la waya wa intaneti. Lakini juu yake kuna chipu ya Xilinx Zynq 7010, yaani prosesa mbili za ARM Cortex-A9 pamoja na FPGA (chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe) kwenye kipande kimoja. Mwanafunzi wa uhandisi anayetaka kujifunza FPGA anaambiwa anunue bodi ya mafunzo ya dola mia na zaidi, hii hapa iko kwenye takataka. Unahamisha jampa inawaka kutoka kwenye SD kadi, unaweka Linux yako, programu ya Vivado ya kuandikia ina toleo la bure linaloikubali hiyo chipu. Ubaya wake matundu ya kuunganishia vitu ni machache, unategemea yale ya bodi za hashi (zile tatu zenye chipu za kuchimba) na ya feni, na michoro inabidi uokoteze kwa waliotangulia. Tulimpa kijana mmoja wa chuo mbili bure. Nyingine mbili ziko kwangu, anayesoma mambo haya na yuko tayari kuhangaika anajua pa kunipata.

Feni za S9 ni imara sana lakini ukiziwasha kwa volti 12 kamili bila kizuizi weka wavu mbele, zinakata kidole bila utani.

Bodi za hashi zenyewe ndo tatizo. Chipu zimepangwa mnyororo, ishara inapita kutoka moja kwenda nyingine, kwahiyo moja ikifa katikati bodi nzima inasoma sifuri, na ndo maana bodi kadhaa za shemeji zilikuwa zimekufa tayari. Kuna mradi wa wazi unaitwa Bitaxe uliotumia chipu za BM1397 zilizong'olewa kwenye Antminer S17 kutengeneza kimashine kidogo cha mezani, wazo zuri, ila chipu za S9 ni za zamani mno hazivutii mtu. Bodi mbili nzima tulizihifadhi ziwe spea ya ile ya mama. Alumini ya maboksi na mapezi ikaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa kilo. Jamaa mmoja akataka bodi zote akazichome atoe dhahabu, nikakataa kabisa, dhahabu yenyewe ni ya kutafuta kwa tochi na moshi wake ni sumu kwa mtaa mzima. Hizo zinatakiwa ziende kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki aliyesajiliwa na NEMC, baraza la mazingira, ambaye kumpata Njombe sio kazi ndogo, kwahiyo zitasafiri siku nikishuka Dar na gari.

Watafiti de Vries na Stoll mwaka 2021 walikadiria mashine ya Bitcoin inaishi mwaka 1.29 kwa wastani kabla haijawa taka. Ukiangalia S9 za 2016 ambazo bado zinanguruma sehemu zenye umeme wa bure unaona huo wastani unawabana sana wachimbaji, lakini kwenye stoo ya shemeji nilikuwa nauona ukweli wake kwa macho.

Tuje kwenye kadi. Ethereum iliacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022 na siku hiyo mamilioni ya kadi yakakosa ajira kwa mpigo. Tofauti na S9, RX 580 ni kadi ya picha halali kabisa, iliyotoka 2017, kuchimba ilikuwa kibarua tu. Shemeji alikuwa amesoma habari za CoreWeave, kampuni ya Marekani iliyoanza 2017 kama wachimbaji wa Ethereum na sasa inakodisha GPU (kadi za picha) za akili mnemba na imeingia soko la hisa Nasdaq mwaka 2025, akawa anauliza na yeye akodishe. Nikamwambia shemeji, wale walibeba uzoefu na mtaji wakanunua kadi mpya kabisa za Nvidia, wewe una kadi za AMD za kizazi ambacho hata AMD wenyewe wameacha kukipa sapoti kwenye ROCm, mfumo wao wa kuendeshea kazi kama hizo.

Tulijaribu lakini. Kupitia Vulkan, njia nyingine ya programu kuitumia kadi, modeli ya lugha ya vigezo bilioni 7 au 8 iliyobanwa kwa biti 4 inachukua kama GB 5, inaingia vizuri kwenye kadi ya 8GB na inajibu kwa kasi ya kusomeka. Zile raiza za rigi, viunganishi vya kadi na kompyuta vinavyotumia njia moja tu ya data (PCIe), zinachelewesha kupakia tu, ikishaingia inaenda. Kiswahili cha hizo modeli ndogo ni cha kuungaunga, akacheka wee akaizima. Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, nayo ikagoma, tangu toleo la 3.0 waliondoa OpenCL, njia ya zamani ya kutumia kadi hizi, na njia mpya ya AMD inaanzia kadi za baada ya hizi. Ila DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ikakubali, na hapo ndo kazi ilipopatikana, kwa sababu steshenari inafanya pia video za send-off na kipaimara na walikuwa wanasubiri usiku kucha kompyuta imalize.

Kadi nne tukaziuza kwa vijana wa gemu. Kabla ya kuuza ilibidi turudishe BIOS (programu ya ndani ya kadi) ya kiwandani, maana za kuchimba huwa zimebadilishwa muda wa memori na ukicheza nazo gemu zinaganda. Tukabadilisha pesti ya joto, tukaziacha zikimbie kwenye jaribio zito, na tukamwambia mnunuzi wazi kwamba zimechimba. Na wewe unayenunua angalia jina: RX 580 2048SP ni jina la kudanganyia wanunuzi, kiuhalisia ni RX 570, ile kamili ina vitengo vya kuhesabia 2,304. Angalia pia kompyuta yako, zile Dell OptiPlex za mtumba tulizozizoea pawa saplai yake haina hata waya wa kulisha kadi inayovuta wati 185, utanunua kadi uiweke kabatini.

Ya tano ndo iko kwenye kompyuta ya video steshenari. Ya sita inatoa michirizi kwenye skrini, memori imechoka, imebaki spea na feni zake mbili zimeshahamia kwenye ya tano.